Baba alivyorudi Kasoge

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Hoteli tuliyolala Mahale, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ni ya wenye fedha. Usiku mmoja pale, kwa bei anayolipa mgeni wa kutoka nje, unameza mshahara wa muuguzi, na mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto hapa hapa Kigoma mjini. Lakini hoteli nyingi za hifadhini zina bei ya wakazi ambayo haiwekwi mbele kwenye matangazo yao. Ukiandika na kuuliza, unapewa. Ada ya kuingia hifadhini nayo, kwa Mtanzania mwenye kitambulisho cha NIDA mkononi, ni ndogo mno ukiilinganisha na anayotozwa mgeni. Hata hivyo bado zilikuwa fedha nyingi, kwa hiyo tulichanga: kaka yangu wa Mwanza, mdogo wangu wa Dar es Salaam, mimi, na shemeji yetu mmoja aliyetoa bila kuombwa. Nyumba ya baba ilikwisha kujengwa na bati liko juu. Kilichobaki, sisi watoto tuliona, ni kumrudisha baba Mahale, alale pale, ahudumiwe, aamke asubuhi aingie msituni akiwa mgeni wa heshima. Mahale ndiko alikozaliwa.

Baba ni Mtongwe. Alizaliwa Kasoge, ule ukanda mwembamba wa msitu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na milima, miaka michache kabla ya Uhuru. Watongwe wa kule hawakukaa kwa kusongamana. Kaya chache huku, kaya chache ng'ambo ya kijito, shamba likichoka wanalihama na msitu unalichukua tena. Miaka ya 1970, enzi za Operesheni Vijiji, watu walihamishwa, na hifadhi ilipotangazwa rasmi mwaka 1985 hapakuwa tena na mtu wa kuishi ndani. Babu alikwenda kukaa upande wa Buhingu. Baba alikuja mjini, akabeba mizigo bandarini, baadaye akaingia kwenye uvuvi wa dagaa mpaka magoti yalipokataa. Kwa miaka yote hiyo hakukanyaga tena Kasoge. Aliipita. Akisafiri na Liemba kwenda kusini, alikuwa anasimama upande wa kushoto wa meli na kuitazama milima ikipita, na mama anasema siku hizo hakuwa mtu wa kusemeshwa.

Kutoka Kigoma kwenda Mahale hakuna njia nyepesi ya barabara inayokufikisha mpaka mlangoni. Ndani ya hifadhi hakuna barabara kabisa, ni miguu na boti tu. Wageni wengi huletwa na ndege ndogo hadi kiwanja kilicho kaskazini ya hifadhi, halafu boti. Sisi boti ilituchukua Kigoma asubuhi. Tukaipita Ujiji, tukaupita mdomo wa Malagarasi ambako maji yanabadilika rangi, tukashika pwani kuelekea kusini saa kwa saa. Baba alikataa kukaa kwenye kiti chenye mto. Alikaa mbele, akawa anamtajia nahodha majina ya kila ncha ya nchi kavu tuliyoikaribia, na nahodha, kijana wa Katonga, akawa anamjibu, "Ndiyo mzee," "Kweli mzee," kisha baada ya muda akaacha kujibu akaanza kuuliza. Milima ilipotokea baba alinyamaza. Kilele cha Nkungwe kina mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na kwa kuwa kinapanda kutoka ufukweni moja kwa moja, ukiwa kwenye boti inakubidi uinue shingo.

Hoteli yenyewe sitaielezea sana. Ni nzuri. Vyumba ni vibanda vikubwa vya mbao na makuti, vimeachwa wazi upande wa ziwa, kitanda kipana chenye chandarua kinachofika sakafuni, bafu liko nje chini ya miti na maji ya moto yanakuja ukiyaomba. Shuka zilikuwa nyeupe kiasi kwamba baba alitandika kanga yangu juu kabla ya kukaa. Hakuna ukuta kati yako na msitu, na usiku unasikia kila kitu: maji, vyura, kitu kizito kinachopita kwenye majani. Tuliambiwa tusitembee gizani bila mlinzi kwa sababu ya chui na viboko, na mlinzi alikuwa anakuja na tochi kila tulipomwita. Wahudumu wengi ni vijana wa vijiji vya jirani, Katumbi na Buhingu na huko huko. Walimwamkia baba "Shikamoo mzee" kwa adabu ya nyumbani. Siku ya kwanza mmoja wao alitaka kumvua viatu amwoshe mchanga miguuni, ndio utaratibu wao kwa wageni wakitoka ufukweni. Baba alimshika mkono akamwinua. "Mwanangu, mimi nitanawa mwenyewe. Wewe niambie ni mtoto wa nani." Ikatokea kwamba babu yake na baba walikuwa na jamaa mmoja. Kwetu jamaa mmoja hakosekani, ukitafuta.

Jioni ile ya kwanza kulikuwa na maelezo kwa wageni wote. Tulikuwa Watanzania wawili tu mezani. Msimamizi alieleza vizuri na kwa upole: sokwe, utafiti, kanuni za kesho. Alisema habari za Mahale zilianza mwaka 1965, Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walipokuja, Toshisada Nishida akiwa mmoja wao, wakaanza kuwafuatilia sokwe na hawajaacha mpaka leo. Yote hayo ni kweli, na ni kazi kubwa. Utafiti wa sokwe wa Jane Goodall kule hifadhi ya Gombe, ulioanza mwaka 1960, dunia nzima inaujua. Huu wa Mahale umefuata kwa miaka mitano tu nyuma yake na hata watoto wa shule hapa Kigoma hawaambiwi. Lakini niliona uchungu. Ramani ilikuwa ukutani na kila kijito kina jina la Kitongwe: Kasiha, Kansyana, Lubulungu. Majina hayo waliyatoa watu, na watu hao hawakutajwa hata kwa sentensi moja. Makundi ya sokwe wenyewe, lile la K na lile la M, herufi hizo ni za Kajabara na Mimikire, majina ya kule kule. Niliinua mkono nikasema kwa Kiingereza changu cha wodini kwamba baba yangu, huyu hapa, amezaliwa karibu na pale ilipowekwa kambi ya utafiti. Watu waligeuka. Mama mmoja wa Kifaransa aliuliza kama anawakumbuka Wajapani.

Baba aliposikia swali alifikiri kwanza. Akasema anakumbuka miwa. Watafiti walipanda miwa ili sokwe wazoee kuja karibu na watu, na watoto wa pale, baba akiwamo, walipigwa marufuku kuigusa. "Miwa ya sokwe," alisema. "Tulikuwa tunaitazama tu." Kundi la Kajabara ndilo lililozoea kwanza, mwaka 1966, kisha Mimikire miaka miwili baadaye. Kulisha huko kuliachwa kabisa mwaka 1987, na kundi la Kajabara lilikuwa limekwisha sambaratika kabla ya hapo. Siku hizi wageni wanaoneshwa Mimikire, sokwe kama sitini hivi.

Asubuhi yake kulikuwa na jambo ambalo mimi kama muuguzi nalishangilia mpaka sasa. Kati ya wageni kulikuwa na mzee mmoja wa kutoka nje aliyekuwa anakohoa tangu jana yake. Hakuwa mahututi, ni mafua ya safari. Mwongozaji alimwita pembeni, akazungumza naye muda mrefu, na yule mzee akabaki kambini. Alilipa fedha nyingi, amesafiri mabara mawili, na akabaki. Wapo wanaoona huo ni ukali. Mimi nimekaa na watoto wenye nimonia usiku mzima na najua mafua ya mtu mzima yanavyofanya kazi kwenye kifua cha mdogo. Sokwe anashika magonjwa yetu na hana kinga nayo. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua wa aina ya mafua uliingia kundi la M na ukaua sokwe kadhaa, wengine wakatoweka bila kuonekana tena. Ndiyo maana kila mgeni anavaa barakoa anapowakaribia, anakaa mita kumi, hatemi mate, haendi haja msituni, na saa moja ikiisha anaondoka hata kama sokwe wamelala mbele yake kwa raha. Kundi la wageni halizidi sita. Baba alivaa barakoa yake vizuri kuliko wote, ikifunika pua. Nilimfundisha wakati wa korona.

Vijana wawili walikuwa wametangulia alfajiri kuwatafuta. Sisi tulifuata njia ya msituni na mwongozaji wetu, kijana mrefu, mpole, anayetembea bila kuvunja hata kijiti. Yeye pia ni Mtongwe wa upande wa Katumbi. Ilikuwa kiangazi, mwezi wa tisa, wakati ambao sokwe hushuka chini karibu na ziwa kufuata matunda, kwa hiyo hatukupanda sana. Niliogopa magoti ya baba. Magoti ya baba siku hiyo yalikwenda.

Tuliwasikia kwanza. Mmoja anaanza chini chini, huu, huu, huu, pumzi inaingia na kutoka kwa sauti, mwingine anadaka, kisha bonde zima linapiga kelele, na mmoja anagonga mizizi ya mti kwa miguu. Kifua changu kilitetema. Halafu njia ikawa na sokwe. Dume mkubwa alipita kando yetu akiwa anatembea kwa magumi, hakututazama, mabega yake yakipanda na kushuka, mgongo umeanza mvi. Harufu yake ilibaki baada ya yeye kupita.

Kilichonishika zaidi kilikuwa kidogo. Majike wawili walikaa ana kwa ana kwenye uwazi wenye jua. Kila mmoja aliinua mkono mmoja juu, wakaikutanisha mikono hiyo juu ya vichwa vyao, na kwa mkono uliobaki kila mmoja akawa anamchambua mwenzake kwapani, polepole, akitenga manyoya kwa kidole gumba na kuangalia ngozi kwa makini, kama wanawake wanaosukana barazani na hawana haraka ya kwenda popote. Mmoja akiona kitu anatoa sauti ndogo ya midomo, tk, tk, tk, na mwenzake anatulia zaidi. Mwongozaji alininong'oneza kwamba sokwe wa Gombe hawashikani mikono hivyo. Ni tabia ya Mahale. Watafiti waliiandika miaka ya 1970 na tangu hapo wanaihesabu miongoni mwa mambo ambayo kundi moja la sokwe linarithishana na jingine halina. Sokwe wa Gombe nao hula chikichi. Hawa wa Mahale, michikichi ipo, watu waliiacha, na hawaigusi. Umbali kati ya hifadhi hizi mbili boti inaumaliza kwa siku, na kila upande una mila zake. Nilifikiri wodi yangu, Waha, Wamanyema, Wabembe, Watongwe, na kila mama na namna yake ya kumfunga mtoto mgongoni.

Tukiwa tunarudi, baba alisimama ghafla akatoka njiani. Mwongozaji alimfuata haraka. Baba alikuwa ameshika tawi la kichaka cha kawaida, majani marefu, maua meupe madogo yaliyokauka.

"Huu mjonso," alisema.

"Ndiyo mzee, mjonso."

"Bibi yako alikunywesha?"

Kijana alikunja uso kwa kukumbuka uchungu wake, na wote wawili wakacheka. Mimi pia niliunyweshwa, na shangazi, alipokuja kututembelea mjini na chupa yake. Tumbo likisokota, minyoo ikisumbua, unapewa mjonso, na ladha yake hutaisahau. Sasa sikilizeni hili, kwa sababu mwongozaji alilieleza pale pale na mimi nimelisoma tangu nirudi. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman, akiwa na mzee wa Kitongwe Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wa dawa za miti, walimfuata sokwe jike aliyekuwa mgonjwa, asiyekula vizuri, analala lala, haja yake imebadilika. Wakamwona anavunja tawi la mjonso, anamenya ganda, anatupa majani, kisha anatafuna ule moyo wa ndani, ananyonya maji yake na kutema makapi. Mzee Kalunde aliujua mti na kazi yake papo hapo, kwa sababu watu wake wanaunywa kwa ugonjwa ule ule. Siku iliyofuata yule jike alikuwa amepata nafuu. Waliandika pamoja, na andiko likatoka mwaka 1989 likiwa na majina ya wote wawili. Ni miongoni mwa habari za kwanza duniani kuandikwa kwa uangalifu za mnyama wa porini kujitibu kwa mti.

Nimefanya kazi ya uuguzi muda mrefu na nimewahi kuwafokea akina mama wanaochelewa kuleta mtoto kwa sababu ya dawa za miti. Nitaendelea kuwasihi wawahi, maana mtoto aliyeishiwa maji hasubiri. Lakini pale msituni, nikimtazama baba amemenya kijiti kile kwa ukucha na kumwonesha mwongozaji sehemu inayotafunwa, nilijivunia mzee Kalunde ambaye sikuwahi kumwona. Jina lake ningependa liandikwe kwenye ule ukuta wenye ramani, kwa herufi kubwa.

Mbele kidogo kulikuwa na malimau. Miti miwili, mirefu kuliko limau ninalolijua, imejinyoosha kutafuta jua kati ya miti ya msitu, na chini maganda yaliyotafunwa. Baba alisema hapa palikuwa na nyumba. Akaenda hatua kadhaa, akakuta mwembe mzee sana, shina limejaa kuvu. Akageuka, akahesabu kwa kidole. Nyumba, mwembe, njia ya kijitoni, nyumba. Hakuwa na uhakika ya nani. Si yao; yao ilikuwa karibu zaidi na maji. Mwongozaji alitueleza kwamba sokwe hapo awali hawakujua kula malimau wala maembe wala mapera. Watu walipoondoka miti ikabaki, na mmoja mmoja wakajifunza kuonja, watafiti wakiangalia na kuandika ni nani ameanza na nani amemfuata. Baba aliokota ganda moja akalinusa.

"Kwa hiyo wanakula limau la mama fulani," alisema, na akataja jina la mwanamke ambaye mimi sikuwahi kulisikia nyumbani.

Hapo ndipo alipokaa chini. Tulikaa naye. Nilimpa maji. Hakulia na sikumuuliza kitu. Alizungumza na mwongozaji kwa Kitongwe, lugha ambayo mimi naisikia nusu tu kwa sababu nimekulia mjini, na kijana akatoa daftari lake la mfukoni, lile analoandikia sokwe walioonekana, akaligeuza kwa nyuma na kuanza kuandika. Majina ya vijito. Jina la jiwe walilokuwa wanakaa wakisubiri mitumbwi. Mahali pa matambiko ambapo mtoto haendi. Wageni wengine walikuwa wametangulia na msaidizi wa mwongozaji, nasi tulichelewa chakula cha mchana, na hakuna mtu hotelini aliyetusema.

Mchana kuna joto na watu hulala. Baba hakulala. Alikwenda kwenye gati ndogo ya boti akatazama maji. Maji ya Tanganyika upande huo ni maangavu mno, na hii ni sehemu ya hifadhi pia: mpaka wake unaingia ziwani maili moja, na ndani ya maili hiyo hakuna kuvua. Aliniita. Chini, kama mita tatu hivi, kuhe wawili wakubwa, urefu wa mkono wangu mzima, walikuwa wanazunguka juu ya mchanga, na katikati yao kuna wingu la vifaranga, maelfu, linasogea na kupungua na kutanuka. Samaki mwingine akija, mmoja wa wazazi anamfukuza na kurudi. Kuhe ndiye mkubwa kuliko ndugu zake wote wa jamii ya perege duniani, na kumbe hulea. Baba amevua ziwa hili zaidi ya nusu ya umri wake na amekula kuhe wasiohesabika, na alisema hajawahi kuwaona wakilea kwa utulivu ule, kwa sababu kwetu maji hayapewi nafasi. Serikali ilipofunga uvuvi wa ziwa zima mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, baba alikuwa miongoni mwa waliolalamika sana kule Kibirizi. Nyumba nyingi zililala njaa, na hilo halifutiki. Pale gatini alisema maneno mawili matatu kuhusu kufunga maji ambayo sikutegemea kuyasikia kwake, na alitaka nimwitie yule mwongozaji amwoneshe na yeye.

Chakula. Wapishi wa pale wanajua kazi, mikate wanaoka wenyewe, mboga zinakuja kwa boti. Lakini siku ya pili usiku tuliletewa samaki aliyemwagiwa maziwa mazito na majani, na baba alikula kwa heshima na kuacha nusu. Nilikwenda jikoni. Mpishi mkuu ni mtu wa Ujiji. Nilimwambia, "Kaka, mzee anataka chakula." Alinielewa. Kesho yake mchana, pembeni ya chakula cha wageni, kulikuja migebuka mibichi ya boti zilizovua nje ya mpaka, imekaangwa kidogo tu kisha ikachemshwa kwa mawese, nyanya na pilipili, mafuta yamepanda juu mekundu, ugali wa muhogo mgumu, na sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa sawasawa na siyo ya kusagwa kwa mashine. Yule mama wa Kifaransa aliomba aonje. Kisha meza nzima. Mpishi alitoka jikoni mwenyewe kutazama, akafuta mikono kwenye aproni, na nilimwomba mbele ya msimamizi aiweke migebuka kwenye orodha yake ya kila siku. Mtu ametoka Marekani amekuja kulala kando ya ziwa hili, kwa nini ale samaki aliyepikwa kwa namna ya kwao?

Nilizungumza na msimamizi kabla ya kuondoka, na hili nalisema wazi kwa kuwa alinisikiliza vizuri. Niliomba mambo mawili. Maelezo ya jioni yawe na Kiswahili, hata kama Mswahili ni mmoja. Na habari za Mahale zisianze mwaka 1965. Alisema mwongozaji wetu atapewa nafasi ya kueleza sehemu ya watu, na tangu hapo nimeambiwa na huyo kijana kwamba ameanza, dakika chache kabla ya habari za sokwe.

Watu wa Kigoma, nendeni Mahale. Najua hoteli hii si ya kila mfuko, na yako mabanda ya hifadhi pale Kasiha ambayo ni nafuu zaidi; unabeba chakula chako, unalala vizuri, na sokwe ni wale wale. Nendeni kiangazi. Msiende na mafua. Mkiwa na mzee mwenye asili ya kule, mchukueni huyo kwanza kabla ya watoto, watoto wana muda.

Baba na yule kijana wanapigiana simu sasa. Kijana hupata mtandao akitoka kwenda Katumbi, na mara nyingi ni Jumapili. Lile daftari limejaa kuanzia Kasiha mpaka Lubulungu, na kuna kijito kimoja ambacho wamegombana, baba anasema kina jina moja na mzee mwingine wa Katumbi anasema jingine. Upande wa kusini baba haujui. Anayeujua ni shangazi yake, yuko Buhingu, amepita miaka themanini na macho yamefifia lakini maneno anayo. Kijana ameomba likizo ya wiki moja aende kukaa naye, na mimi nimemtumia madaftari mawili mapya kwa boti ya Jumanne.